Kichefuchefu cha Mimba na Dawa za Jikoni



Leo tusome juu ya jambo ambalo karibu kila nyumba inalijua, lakini watu hawalizungumzi hadharani. Jambo hilo ni kichefuchefu cha mama mwenye mimba changa.

Mimi ni afisa wa elimu ya watu wazima. Nimefundisha madarasa ya kisomo katika vijiji vya Nachingwea, na sasa niko Ruangwa. Pia nimezaa watoto wawili. Kwa hiyo jambo hili nimelisoma, na tena nimelipata mwilini mwangu.

Katika mimba yangu ya kwanza, harufu ya papa mkavu ilinifukuza jikoni. Hata mafuta ya ufuta, ambayo nimekua nayo, yalinitapisha. Jirani mmoja alisema nimerogwa. Mwingine alisema mtoto atakuwa wa kiume. Akazaliwa msichana, mzima kabisa.

Kichefuchefu si uchawi. Mimba inapoingia, mwili wa mama hubadilika upesi, na tumbo husumbuka. Katika kila wajawazito 10, kama 7 hivi hupata hali hii. Mara nyingi huanza mwezi wa pili. Huzidi karibu na mwezi wa tatu. Kisha hupungua mwezi wa nne au wa tano. Inaweza kuja asubuhi, mchana au usiku.

Dawa tunazozijua

Siku moja niliwauliza wanakisomo, "Hapa kijijini mnatumia dawa gani?" Ubao ulijaa. Walitaja tangawizi, ndimu, ukwaju, ubuyu, udongo wa kichuguu, majani machungu na mizizi ya namna nyingi.

Bibi mmoja akasema, "Mwalimu, dawa hizi zote ni miti ya Mungu. Haziwezi kudhuru."

Nikamjibu, "Bibi, muhogo mchungu nao ni mti wa Mungu. Je, tunautafuna mbichi?"

Akacheka. "La, mwanangu! Utakufa. Lazima uumenye, uuvundike, uuanike."

Darasa zima likaelewa. Mmea unaweza kulisha, na mmea unaweza kuua. Inafaa kujua ni mmea gani, sehemu gani, na kiasi gani. Basi tukazigawa dawa za ubaoni katika makundi matatu.

Kundi la kwanza: vyakula

Hivi ni vitu tunavyokula siku zote. Mama mjamzito anaweza kuvitumia kwa kiasi cha chakula.

Cha kwanza ni tangawizi. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuwatunza wajawazito. Mwongozo huo unataja tangawizi kuwa moja ya vitu vya kumpunguzia mama kichefuchefu katika miezi ya mwanzo. Tengeneza hivi:

1. Chukua kipande cha tangawizi kinacholingana na ncha ya kidole gumba.
2. Kioshe, kimenye, kiponde.
3. Kitie katika kikombe, mimina maji yanayochemka, funika kwa dakika 10.
4. Kunywa kidogo kidogo. Vikombe 2 au 3 kwa siku vinatosha.

Kama tangawizi inakuletea kiungulia, punguza au acha. Kama unatumia dawa nyingine za hospitali, mwulize mwuguzi kwanza.

Cha pili ni ndimu. Kata ndimu, uinuse wakati harufu ya chakula inapokusumbua. Mimi nilitembea nayo katika mkoba. Maji ya ukwaju au ya ubuyu, yasiyo na sukari nyingi, nayo huwapendeza akina mama wengi. Yatengeneze kwa maji yaliyochemshwa.

Cha tatu ni chakula kikavu. Tumbo tupu huzidisha kichefuchefu. Kabla hujatoka kitandani, tafuna kitu kidogo: muhogo wa kuchoma, kiazi kitamu kilichopoa, au karanga chache. Wazee wa Nachingwea wamesikia habari za mpango mkubwa wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Mpango ulikufa, lakini karanga bado tunazo. Zina nguvu, na hazina harufu ya kuchefua. Halafu kula kidogo kidogo, mara 5 au 6 kwa siku, badala ya kungoja sahani kubwa.

Kundi la pili: udongo

Wajawazito wengi hutamani udongo. Tusiwacheke. Lakini udongo unaweza kuwa na mayai ya minyoo. Unaweza pia kuuzuia mwili usipate madini ya kuongeza damu. Mama anayetamani udongo aende kliniki apimwe damu, kwani huenda damu yake imepungua. Vidonge vya kuongeza damu anavyopewa huko vikimchefua, asivitupe. Amwambie mwuguzi, naye atamwelekeza namna ya kuvimeza pamoja na chakula.

Kundi la tatu: dawa kali

Hapa tuliweka mizizi na magome ya mlonge, mwarobaini na mshubiri. Majani ya mlonge ni mboga, lakini mizizi na magome yake si chakula. Dawa hizi zinaweza kuidhuru mimba. Mama mjamzito asizinywe. Asinywe pia mzizi wowote asioujua, hata kama umeletwa na mtu anayempenda.

Dada mmoja wa darasa letu alikuwa na mimba ya miezi miwili. Nyumbani walimpikia mizizi. Kila aliponywa alitapika, na kila alipotapika aliongezewa. Nilipokwenda kumjulia hali, midomo ilikuwa imekauka, na hakuweza kusimama. Mumewe alitafuta pikipiki, akafikishwa hospitali, akatundikiwa maji. Alipona, na mimba ikakua. Angecheleweshwa siku mbili zaidi, sijui kama leo ningekuwa na la kusimulia.

Usidhani hatari ni mizizi tu. Mwaka 1957 dawa iitwayo thalidomaidi ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi. Wajawazito wa nchi nyingi waliinywa ili kutuliza kichefuchefu. Zaidi ya watoto 10,000 walizaliwa na viungo visivyokamilika, wengine bila mikono. Huko Ujerumani iliondolewa madukani mwaka 1961. Basi usinunue vidonge dukani kwa kubahatisha. Unachomeza wewe, mtoto naye hukipata.

Wakati wa kwenda hospitali

Jiko lina mwisho wake. Usingoje, nenda zahanati siku hiyo hiyo ukiona haya:

1. Maji na chakula havikai tumboni siku nzima.
2. Mkojo ni kidogo, na rangi yake ni nzito kama chai ya rangi.
3. Unapata kizunguzungu ukisimama.
4. Unatapika damu, au tumbo linauma sana.
5. Una homa. Kutapika pamoja na homa kunaweza kuwa malaria, na malaria ni hatari kwa mama na mtoto.

Wakati mnatafuta usafiri, mama anywe kidogo kidogo maji yenye chumvi na sukari. Chukua lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazisha. Hapa kujua kusoma na kupima kunaokoa maisha.

Na wewe baba

Baba mmoja aliniuliza, "Mwalimu, haya si mambo ya wanawake?" Wanawake wakamtazama. Nikamwambia, "Mzee wangu, mtoto ni wa nani?" Akainamisha kichwa, akacheka.

Baba, ukienda gulioni nunua tangawizi. Mkeo akichefuliwa na moshi, shika mwiko wewe. Msindikize kliniki mapema, kabla mimba haijatimiza miezi mitatu. Weka akiba ya nauli. Na mama mkwe akileta mzizi, mpokee kwa heshima, lakini mkeo asiunywe.

Maswali ya kujadili

1. Katika kijiji chenu, wajawazito hutumia dawa gani? Zigaweni katika makundi matatu.
2. Kwa nini tumbo tupu si zuri kwa mjamzito?
3. Taja dalili tatu za kumpeleka mama zahanati.
4. Je, nyumbani kwako kuna akiba ya nauli? Kama haipo, mtaanzaje kuiweka?