Jina na Mahali Pake

Barua huandikwa na mtu mmoja ikasomwa na mwingine. Zamani, watu wengi walipokuwa hawajui kusoma, mtoto wa shule aliitwa na jirani amsomee barua iliyotoka mbali, naye alipofika penye neno "mama" hakudhani hata mara moja kuwa mama yake mwenyewe ndiye aliyetajwa. Alijua bila ya kufundishwa kwamba neno lile ni la mwandishi, na maana yake ni ya nyumba ambamo barua iliandikwa. Kompyuta hazikuzaliwa na ujuzi huo. Zilifundishwa, na mafunzo hayo yalichukua miaka mingi kuliko wanavyodhani wengi wa wale wazitumiao.

Programu nayo ni maandishi ya mtu mmoja yatakayosomwa na mwingine, ijapokuwa msomaji huyo ni mashine. Imejaa majina: majina ya hesabu, ya kazi zitendwazo, na ya vitu. Jina moja hutumiwa na watu wengi kwa maana mbalimbali, kama vile Juma walivyo wengi mjini. Kwa hiyo kila lugha ya programu haina budi kujibu swali moja kabla ya mengine: jina likitajwa, litafutwe wapi? Yako majibu mawili ya zamani. La kwanza husema litafutwe mahali lilipoandikwa, kisha katika kila ua uliozunguka mahali hapo, mpaka nje kabisa. Haya huitwa mawanda ya maandishi. La pili husema litafutwe kwa yule aliyeita kazi itendwe, kisha kwa aliyemwita huyo. Jibu la pili ni sawa na kumruhusu mtoto yule asome "mama" na kumfikiria mama yake.

Lugha ya Algol, ambayo taarifa yake ilitolewa mwaka 1960 chini ya uhariri wa Peter Naur, ilichagua jibu la kwanza. Jina lililotangazwa ndani ya fungu la maandishi halikuonekana nje ya fungu hilo. Lisp, iliyoanzwa na John McCarthy katika chuo cha MIT mwaka 1958, iliangukia jibu la pili bila ya kukusudia. McCarthy alieleza mwaka 1978 kwamba programu ya mwenzake mmoja ilipotoa majibu yasiyo sawa, yeye aliona kuwa ni hitilafu ndogo tu ya mashine, akawa na matumaini kuwa Steve Russell angeitengeneza mara moja. Russell aliitengeneza kweli, lakini kwa kubuni chombo kipya cha kubebea kazi pamoja na mazingira yake. Hitilafu yenyewe haikuwa ndogo. Lisp nyingi ziliishi na jibu la pili kwa miaka mingi, mpaka Gerald Sussman na Guy Steele walipotengeneza Scheme mwaka 1975 na kushika mawanda ya maandishi, na Common Lisp ikafuata mwaka 1984.

Kama mambo yangaliishia hapo, habari hii ingalikuwa fupi. Lakini mwaka 1967, huko Oslo, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walitoa Simula 67, na pamoja nayo ulikuja urithi. Klasi, yaani kielelezo cha kuundia vitu, iliweza kuwa na mzazi, ikarithi majina yote ya mzazi wake. Tangu hapo jina likawa na nyumba mbili. Moja ni mahali lilipoandikwa, na nyingine ni ukoo. Mtu akaaye Tanga na wazee wake wakawa wa Pemba huweza kuulizwa "kwenu wapi?" na akajibu kwa namna mbili, na zote mbili zikawa kweli. Mashine haiwezi kujibu kwa namna mbili. Lazima iambiwe ipi itangulie.

Ruby, lugha ambayo Yukihiro Matsumoto wa Japani aliitoa kwa watu mwaka 1995, ina mfano mzuri wa jambo hili. Tuseme ipo moduli iitwayo Duka, na ndani yake limewekwa jina thabiti Bei. Mtu akiandika klasi ya Mizani ndani ya ua wa Duka na kutaja Bei, Ruby hutazama kwanza katika Mizani, kisha katika Duka kwa kuwa ndiyo iliyoizunguka, kisha katika wazazi wa Mizani, na mwisho katika uwanja wa watu wote. Mahali hutangulia ukoo. Lakini Ruby huruhusu klasi hiyohiyo ifunguliwe kwa mkato, kwa kuandika Duka::Mizani katika mstari mmoja bila ya kuujenga ua wa Duka. Klasi ni ileile na jina lake kamili ni lilelile, lakini safari hii Bei ya Duka haionekani. Ruby haisomi jina la klasi ili ijue imezungukwa na nini. Husoma maandishi tu. Ikiwa hakuna Bei nyingine, programu husimama na kulalamika, na hiyo ndiyo bahati njema. Ikiwa ipo Bei katika uwanja wa watu wote, huchukuliwa hiyo, mauzo yakaendelea kwa bei isiyokusudiwa, wala hapana mtu atakayeambiwa.

Wako wasemao kwamba kanuni hiyo ni ukaidi mtupu. Hawana haki. Hasara huja pale kanuni inapofuatwa nusu nusu. Kwa miaka mingi mfumo wa Rails, ulioandikwa kwa Ruby, ulileta faili zisizopakiwa bado kwa kungoja Ruby ipige kelele kuwa jina halipo. Kelele hiyo ilitaja klasi na jina lililokosekana, lakini haikutaja nyua zilizozunguka maandishi. Mfumo ukalazimika kubahatisha, na mara nyingine ulikosea. Mwaka 2019 toleo la 6 lilileta Zeitwerk, ambayo huiarifu Ruby mapema ni faili gani lina jina gani, kisha Ruby yenyewe hutafuta kwa kanuni zake.

Java ilichagua kinyume. Klasi iliyo ndani ya nyingine ikitaja jina, vilivyorithiwa na klasi ya ndani hutangulia vile vya klasi iliyoizunguka. Matokeo yake si mepesi. Mtu aliyeandika klasi ya mzazi, labda katika nchi nyingine, akiongeza methodi mpya iliyosadifu jina la methodi ya ua wa nje, mwito uliokuwa ukienda nje utageuka na kwenda kwa mzazi mara programu itakapotafsiriwa upya. Hapana herufi iliyobadilika mahali mwito ulipoandikwa. Gilad Bracha, mmoja wa waandishi wa maelezo rasmi ya Java, alilieleza tatizo hili katika makala ya mwaka 2007, na katika lugha yake ya Newspeak akaweka mahali mbele ya ukoo. Alikwenda mbali zaidi akaondoa kabisa uwanja wa watu wote. Moduli ya Newspeak ni klasi isiyoona chochote cha nje; kila inachohitaji hukabidhiwa wakati wa kuundwa, kama mgeni akabidhiwavyo funguo za chumba. Ni usafi mkubwa, na gharama yake ni kubwa pia, maana hata kilicho cha kawaida kabisa hakina budi kuombwa.

Ruby haikuthubutu kufanya hivyo. Uwanja wake umebaki wazi, na mtu yeyote aweza kuifungua klasi ya maneno, String, akaibadilisha kwa ajili ya programu nzima. Toleo la 2.0 la mwaka 2013 lilileta dawa ya kiasi: mabadiliko ya namna hiyo yaweza kufungiwa yatumike ndani ya faili lililoyaomba tu, kuanzia mstari wa ombi hadi mwisho wa faili. Wengi hawaitumii. Huona ni taabu kuomba katika kila faili, wakaendelea kuifungua String hadharani.