Siku Nne Katika Nchi ya Chai



Nina umri wa miaka hamsini na sita, na sikumbuki siku niliyokosa chai ila siku za maradhi. Hata katika Ramadhani, baada ya tende na maji, jicho langu hutafuta buli. Hata hivyo, hadi mwaka jana sikuwahi kuuona mche wa chai. Nilichokijua ni malori yanayoshusha magunia katika maghala ya Mombasa, maana mnada wa chai ulihamishwa kutoka Nairobi kuja mjini kwetu mwaka 1969, na mpaka leo chai ya Kenya, Uganda, Rwanda na kwingineko huuzwa hapa kwa wanunuzi wa Pakistani, Misri na nchi nyingine.

Shule zilipofungwa mwezi wa Agosti, mama watoto aliniambia, "Sheikh, kila mwaka watusomesha kuwa Qur'ani imetuamrisha tutembee katika ardhi tutazame. Sisi tumetembea mwisho Likoni." Sikuwa na jibu. Tukafunga mizigo, mimi na yeye na binti yetu wa mwisho aliye kidato cha tatu.

Tulipanda treni pale Miritini, tukalala Nairobi kwa jamaa, na kesho yake tukashika njia ya Nakuru. Hapo Nakuru tuliswali adhuhuri na alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kisha gari likapanda hadi Mau Summit na kukata kushoto. Baada ya misitu na mashamba ya mahindi, chai inaanza ghafla, pande zote mbili za barabara, mlima kwa bonde. Kila mche umekatwa usawa wa kiuno, na yote kwa pamoja imelingana juu kama meza iliyopigwa randa. Mche huo ukiachwa bila kukatwa huwa mti mrefu. Hiyo meza ni kazi ya mikono, nami sikulijua hilo mpaka siku ya pili.

Mji wa Kericho uko kiasi cha mita 2,000 juu ya bahari. Mtu wa pwani akifika hapo huyajua maungo yake upya. Maji ya udhu ya alfajiri yalinifanya nisome bismillahi kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Mvua nayo ina saa zake: asubuhi jua linawaka, na ikifika saa nane au tisa mchana mawingu yanajikusanya, kwa sababu upepo wa Ziwa Victoria hukutana huko juu na ule utokao mashariki. Mara nyingi inanyesha mvua ya mawe. Sisi wanafunzi wa fiqhi ya Imamu Shafi tunausoma mlango wa kukusanya Sala kwa ajili ya mvua, lakini pwani hatuutumii sana. Kericho niliuelewa nikiwa nimesimama barazani mwa msikiti, kanzu imelowa mpaka magotini. Na kwa wanaopenda hesabu za kibla: Mombasa tunaelekea karibu kaskazini kamili, ilhali Kericho unainama kidogo kuelekea mashariki.

Mahali pa kwanza pa kuwapeleka watoto ni Chagaik, kilomita chache nje ya mji, kwenye njia ya Nakuru. Ni bustani ya miti iliyopandwa na mkulima mmoja wa chai, Mwingereza, na kando yake kuna bwawa lenye mayungiyungi na kichaka kikubwa cha mianzi. Mbega weupe kwa weusi wanaruka juu ya vichwa vya watu. Tulitandika mkeka, tukala mahamri ya safarini yaliyokuwa yamekauka kidogo, na mama watoto akasema kuwa hajakaa mahali penye kimya namna ile tangu aolewe. Sikumuuliza anakusudia nini.

Siku ya pili tuliomba ruhusa ya kuingia shambani. Binti yetu, kama vijana wote, alitaka picha. Akajipenyeza katikati ya miche na kuegemea juu ya ile meza ya kijani, baibui lake jeusi likionekana vizuri, nami nikashika simu. Tukasikia sauti nyuma yetu: "Mzee, pole, mwambie msichana atoke hapo juu. Anavunja kesho."

Alikuwa mama wa makamo, mwenye kapu mgongoni, aproni ya nailoni na mabuti ya mpira. Alitueleza bila hasira. Kinachochumwa ni majani mawili na chipukizi lao, na vile vichanga ambavyo binti alikuwa amevilalia ndivyo yeye na wenzake wangerudi kuvichuma baada ya siku chache. Analipwa kwa kilo. Kilichovunjika hakipimwi, na jani gumu likionekana kapuni, karani hulitupa. Siku njema huchuma kilo 40. Nilifanya hesabu baadaye: kilo nne na nusu hivi za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu, kwa hiyo kutwa nzima ya mama yule ni kama kilo tisa za chai.

Nilitahayari. Mtu niliyesimama mimbarini mara ngapi kuhusu ujira na jasho la mwajiriwa, nimemleta mwanangu kulalia riziki ya mwenzetu kwa ajili ya picha. Binti alimwomba radhi, akaomba afundishwe kuchuma. Mama watoto naye akajifunga kanga kiunoni. Baada ya nusu saa walikuwa na kilo moja na kitu wote wawili, na wakapewa mabuyu mawili ya mursik, maziwa ya mgando ya Kipsigis yenye majivu ya mkaa wa mti. Kushukuru ni "kongoi". Hatukuwa na neno jingine.

Yule mama alituambia kuwa mamake naye alichuma hapo, lakini hajui kama bintiye atachuma. Mashine zimeingia, na siku za kuitwa kazini zimepungua. Nikakumbuka habari za Mei 2023, vijana walipochoma moto mashine za kuchumia huko Kericho. Siungi mkono uharibifu wa mali. Lakini niliposoma habari ile nikiwa Mombasa, na kikombe mkononi, niliwaita wahuni nikageuza ukurasa. Leo nisingeligeuza upesi hivyo.

Kutoka Kericho tuliteremka kusini kwenda Bomet, kupitia Litein na Kapkatet, na hapa sura ya nchi inabadilika. Mashamba makubwa ya makampuni yanabaki nyuma, na chai inakuwa ya familia: nusu eka nyuma ya nyumba, ng'ombe wawili, vibanda vya kupimia majani kando ya njia. Mzee mmoja tuliyeketi naye mkahawani alitusimulia jinsi ardhi nzuri ilivyogawiwa Waingereza, na jinsi ukoo wa Talai ulivyohamishwa kwa sheria ya mwaka 1934 na kupelekwa Gwassi, kando ya ziwa, kwenye mbung'o na joto. Mwaka 2019 malalamiko yao na ya Wakipsigis wengine yalifikishwa Umoja wa Mataifa. Alizungumza polepole, akikoroga chai. Sisi watu wa pwani, tunaoyajua mambo ya hati za ardhi na maskwota, hatukuhitaji ufafanuzi mrefu.

Karibu na mji wa Bomet kuna maporomoko ya Tenwek katika mto Nyangores. Maji yale yanazalisha umeme wa hospitali ya misheni iliyo jirani, kisha yanaungana na mto Amala kuwa mto Mara, ule wa nyumbu na mamba. Jiwe ni lenye utelezi. Washikeni watoto mikono. Tulirudi Nairobi kwa njia ya Narok.

Kwa familia zitakazopenda kwenda likizo ya Desemba: chukueni masweta, soksi na viatu vya kufunga, wala msitegemee kanga peke yake. Fikeni kila mahali kabla ya saa sita mchana. Chakula halali mtapata mjini, lakini ulizeni wenyeji wa msikitini, kwani sisi usiku wa kwanza tulikula wali na maharage kwa kukosa uhakika wa nyama. Ombeni ruhusa kabla ya kuingia katika shamba lolote. Na mkitaka picha, simameni njiani, miche iwe nyuma yenu.