Namba Tasa na Swali la Shangazi

Neno moja la hisabati limenisumbua kwa zaidi ya miaka thelathini, nami leo naliweka mbele ya malenga na wapenzi wa lugha. Neno hilo ni tasa.

Nilikuwa mwalimu kijana, nimekuja likizo kwetu Nyamwage. Juu ya mkeka nilimpangia mpwa wangu korosho. Kumi na mbili zilikubali safu tatu za korosho nne nne. Kumi na tatu zilikataa kila mpango isipokuwa safu moja. Nikamwambia, "Hii ni namba tasa. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe."

Shangazi yangu, aliyenilea pamoja na watoto wengine sita wa ndugu zake, lakini mwenyewe hakujaliwa kuzaa, alikuwa kando akibangua korosho. Akauliza pasipo kuinua uso, "Hizo namba, baba, zimekosa nini hata mkaziita jina hilo?"

Nilinyamaza. Kumbe jibu lilikuwamo katika somo lenyewe. Kila namba nzima inayozidi moja, ikiwa si tasa, basi ni zao la namba tasa, tena kwa namna moja tu. Kumi na mbili ni 2 × 2 × 3, wala hakuna tasa nyingine ziwezazo kuijenga. Hizo tuziitazo tasa ndizo zilizozaa namba nyingine zote. Wala hazina mwisho. Euclid alilithibitisha hilo zaidi ya miaka 2,200 iliyopita.

Malenga nao huzipitia karibu. Ubeti wa utenzi wenye mishororo minne ya mizani minane una mizani 32. Ondoa mmoja, hubaki 31, nayo ni tasa. Ubeti wa shairi la tarbia lenye mizani 16 kila mshororo una 64. Ondoa mmoja, hubaki 63, yaani 7 × 9. Sababu ni kipeo: 32 ni mbili kwa kipeo cha tano, na tano ni tasa, 64 ni mbili kwa kipeo cha sita, na sita si tasa. Hata hivyo, kipeo tasa pekee hakitoshi, kwani mbili kwa kipeo cha 11, ukitoa moja, ni 2,047, yaani 23 × 89.

Kwa njia hiyohiyo Mmarekani Luke Durant aliipata namba tasa iliyotangazwa Oktoba 2024 kuwa kubwa kuliko zote zilizojulikana: mbili kwa kipeo cha 136,279,841, ukitoa moja. Ina tarakimu 41,024,320. Ukitamka tarakimu moja kila sekunde, usiku na mchana, utatumia zaidi ya siku 474.

Shangazi ametangulia mbele ya haki. Sidai neno hili lifutwe vitabuni. Naomba tu kila mwalimu anayelifundisha aongeze sentensi ambayo mimi sikuitamka siku ile mkekani: hazikukosa kitu, shangazi, nyingine zote zimetoka kwao.