Babu Ndani ya Diski

Nyanya yangu wa Kebirigo, kule Nyamira, alikuwa na DVD moja aliyoifunga kwa leso na kuilaza chini ya mto wake. Ndani yake mlikuwa na babu akipiga obokano siku shangazi yangu alipoolewa, mwaka wa 2013. Babu aliaga dunia mwaka uliofuata. Mimi nilikuwa mtoto mdogo, sauti yake siijui. Aliyepiga picha zile alihama na hakupatikana tena, kwa hivyo diski ilikuwa ni hiyo hiyo, hakuna nyingine.

Taabu ni kwamba deki ya nyanya haikuwahi kuisoma hata siku moja. Ukiitia, deki inanguruma kama paka aliyeshiba, kisha inaandika kuwa hakuna diski. Jamani! Hakuna diski na tumeiweka sasa hivi! Wajomba wakasema imekufa. Binamu yangu mmoja akaisugua kwa dawa ya meno (tafadhali usijaribu). Nyanya, ambaye mtoto wa jicho alikuwa ameshaanza kumsumbua, akaniita kando: "Mjukuu wangu, wewe si unasoma hizo kompyuta? Nifanyie nimwone mzee kabla macho haya hayajafunga."

Maneno hayo yaliniingia. Katika matatu ya kurudi Kisii niliupakata mkoba kama aliyebeba mayai.

Siku ya Jumatatu niliijaribu katika kompyuta ya kwanza pale shuleni. Kimya. Nikahamia ile ya pembeni, ambayo draivu yake inaweza kuchoma diski. Lo! Babu huyo, na kofia yake! Nilipiga kelele mpaka mwalimu wetu wa Kompyuta akaja mbio akidhani nimerushwa na stima.

Mwalimu aliigeuza diski, akasoma maandishi madogo karibu na tundu la katikati: DVD+R. "Unaona hii alama ya kujumlisha?" Akanieleza kwamba DVD-R zilitangulia mwaka wa 1997, kisha kundi jingine la makampuni likaleta DVD+R mwaka wa 2002, kila mmoja akivutia kwake. Ukizitazama ni pacha, na zote hubeba gigabaiti 4.7, lakini baadhi ya deki za zamani huikataa hiyo ya kujumlisha katakata. Tena kulikuwa na kosa la pili. Aliyeichoma hakuifunga. Mashine ikishaandika filamu, lazima imalizie kwa kuandika yale yanayoijulisha deki kilichomo na mahali kinapoishia. Bila hivyo, mara nyingi ni draivu za kuchomea tu zinazoweza kuchungulia ndani. Kumbe diski haikuwa imekufa! Ilikuwa kama barua iliyoandikwa ikakosa anwani.

Nilitaka kuifunga papo hapo. Mwalimu akanishika mkono. "Hii ni moja tu duniani. Nakili kwanza." Tukanakili kwenye kompyuta na kwenye flashi. Nikauliza kama tutumie diski ya kufutika, ile ya RW, akasema hapana, hiyo hurudisha mwanga hafifu sana na jicho la deki kuukuu mara nyingi haliioni.

Basi nikanunua DVD-R tupu mjini. Hapo nikajitia ujuaji. Bila kumwuliza mtu, niligeuza filamu kuwa faili moja ya MP4, nikaichoma kwa kasi yote, nikapanda matatu Jumamosi. Nyanya alikuwa ameita majirani wanne, chai iko tayari. Deki ikanguruma, ikakataa. Majirani walikunywa chai, wakaongea habari ya mvua, wakaenda zao. Nyanya hakunilaumu, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Mwalimu alicheka hadi akatoa miwani. Deki ile inajua filamu iliyopangwa kwa mtindo wa DVD tu. MP4 ni lugha ya simu na kompyuta, yeye hajaisoma. Safari hii tulichagua DVD ya video katika programu, tukachoma polepole, kasi ya 4, tukaifunga. Kisha tukaijaribu katika deki kuukuu ya shule, jambo nililopaswa kulifanya kabla ya majirani wa watu kualikwa.

Jumapili sikutaka mtu aitwe. Tulikuwa wawili tu. Deki iliponguruma nilifumba macho. Kikapita kitambo, halafu nikasikia nyuzi nane za obokano zikivuma nzito, na juu yake sauti ya mzee, yenye mikwaruzo kidogo, inafanana na ya baba yangu akiwa na mafua.

Nyanya alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Nilidhani atalia. "Huyu," akasema, "siku hiyo alikuwa amenikopa shilingi mia tatu." Akacheka, akajipangusa kwa leso. "Irudishe."

Nikairudisha. Akasema tena. Tulipofika mara ya sita, matatu ya mwisho ya Kisii ilishapita, na mimi nilikuwa nimeanza kuushika ule wimbo.