Tuwapeleke Watoto Sokoni, Shambani na Jikoni

Kisiwa cha Unguja ni darasa la chakula lisilo na kuta. Alfajiri mashua hushusha samaki katika diko la Malindi. Hatua chache kutoka hapo iko marikiti ya Darajani, ambayo jengo lake limesimama tangu mwaka 1904, na kwa mwendo usiotimia saa moja kwa gari mtu hufika Kizimbani, penye mikarafuu, midalasini na minazi. Pamoja na neema hiyo, wengi katika watoto wetu wa mjini hula kila siku bila kujua chakula chao kimetoka wapi, wala kimepitia mikono ya nani. Kwa sababu hiyo, katika siku za likizo, sisi wazazi na walimu wa madrasa tuliwachukua watoto ishirini, wavulana kwa wasichana, wenye umri wa miaka tisa hadi kumi na miwili, wakanunue na kupika chakula kimoja kwa mikono yao: muhogo wa nazi na samaki wa kukaanga.

Tulianzia Malindi, samaki wakiwa wangali wananadiwa. Mvuvi mmoja mtu mzima aliwafundisha watoto kumtambua samaki mzuri. Jicho lake huwa ang'avu na limejaa, yavuyavu lake ni jekundu, na nyama yake ikibonyezwa kwa kidole hurudi mahali pake. Samaki aliyechoka jicho lake huzama, na harufu yake hutangulia kabla hujamfikia. Watoto wakachagua vibua, kwa kuwa bei yake ilikuwa ndani ya uwezo wao, wakawatia katika ndoo yenye barafu. Hapo wakajifunza jambo la pili, kwamba jua la pwani halimsubiri mtu, na samaki asiyehifadhiwa huwa maradhi kabla hajawa kitoweo.

Darajani walinunua muhogo, nazi, vitunguu, ndimu na pilipili. Tuliona kwamba baadhi yao hawakuweza kutofautisha majimbi na viazi vikuu, ilhali majina ya biskuti za dukani waliyajua yote. Muuza muhogo akawaonya wasile ovyo muhogo wasioujua asili yake, kwa kuwa upo muhogo mchungu wenye sumu, nao wahitaji matayarisho maalumu kabla ya kuliwa. Mwalimu naye akaongeza kuwa zao hili tunalolihesabu kuwa letu tangu na tangu asili yake ni Amerika ya Kusini, na kwamba lilifika Afrika kwa njia ya Wareno. Mchele nao, ambao ndio fahari ya sinia zetu, sehemu kubwa huja Zanzibar kwa meli kutoka nchi za mbali. Sahani moja, basi, imebeba bahari kadhaa.

Kizimbani tuliwakuta viungo wakiwa hai. Watoto walistaajabu kuona kwamba karafuu ni tumba la ua, huchumwa kabla halijafunguka, kisha likaanikwa juani mpaka likawa jeusi. Mdalasini ni gamba la mti. Pilipili manga hupanda juu ya miti mingine kama mtambaazi. Hiliki hujificha chini, karibu na udongo, na manjano pamoja na tangawizi huchimbwa ardhini. Mtoto mmoja alikuwa akidhani manjano huzaliwa unga ndani ya pakiti. Alipovunja kipande kibichi na kuona rangi imemshika vidoleni, alikataa kunawa mpaka wakati wa Sala.

Hatukuwaficha upande wa huzuni. Mashamba ya karafuu yalitanuka katika karne ya 19, zama za Sayyid Said, na kazi ya kuyapanda na kuyachuma ilifanywa kwa jasho la watumwa, mpaka utumwa ulipopigwa marufuku kisheria Zanzibar mwaka 1897. Mtoto anayejua hayo huenda akala pilau yake kwa adabu zaidi, na akamtazama mchumaji wa leo kwa jicho la heshima.

Bibi mmoja wa kijijini alitukaribisha katika jiko lake la mafiga. Aliwagawia kazi: hawa wamenye muhogo na kuutoa mzizi wake wa kati, wale wawapare samaki, na wengine wakune nazi. Kijana mmoja wa miaka kumi na mmoja hakutaka kukalia mbuzi, akasema kuwa hiyo ni kazi ya wanawake. Bibi hakumkaripia. Alimuuliza tu ni nani waliopika biriani katika harusi aliyohudhuria mara ya mwisho. Kijana akakiri kuwa walikuwa wanaume, tena wenye vifua wazi na miiko mirefu kama makasia. Mwalimu akawakumbusha watoto kuwa Mama Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alieleza kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa Sala ulipofika alitoka kwenda kusali. Kijana akakaa, akakuna nazi mbili, na mikono ikamuuma.

Kisha likaja somo la subira. Bibi alikamua tui mara mbili kwa kifumbu. Tui jepesi likatangulia chunguni kuuivisha muhogo, na lile zito, kasimele, likawekwa pembeni. Watoto walitaka kulimimina upesi. Akawazuia mpaka muhogo ulipolainika, ndipo akalitia huku wakikoroga polepole kwa zamu, moto ukiwa umepunguzwa, ili tui lisikatike. Chicha haikutupwa, bali walipewa kuku.

Baada ya Sala ya Adhuhuri tuliketi kwenye masinia. Umar bin Abi Salama (r.a.) alikuwa mtoto aliyelelewa katika nyumba ya Mtume (s.a.w.), na ilikuwa kwenye chakula ndipo alipofundishwa kulitaja jina la Mwenyezi Mungu, kula kwa mkono wa kulia na kula cha mbele yake. Vilevile Abu Dharr (r.a.) aliusiwa azidishe maji katika mchuzi wake na awakumbuke jirani. Basi kabla ya tonge la kwanza, watoto walipeleka bakuli katika nyumba ya pili. Na hakuna aliyebakisha kipande cha muhogo, kwa kuwa kila mmoja aliijua kazi yake.

Enyi wazazi, jambo hili si la kujifurahisha siku za likizo tu. Zimo nyumba ambazo mama akiugua au akienda kujifungua, watoto hushinda na njaa hali ya kuwa unga na kunde vimo ghalani, au huletewa chipsi na soda asubuhi na jioni. Kisukari na shinikizo la damu tunavilalamikia kila siku, lakini ulimi wa mtoto tumeuacha ufundishwe na duka. Tunawaweka mbali na jiko kwa kuhofia kisu na moto, nao wanafika utu uzima bila kujua kuvitumia kimojawapo.

Dawa yake si nzito. Mtoto wa miaka saba aweza kuchambua mchele na kuosha mboga. Wa miaka tisa akune nazi na kumenya. Wa miaka kumi na miwili, mkubwa akiwa karibu naye, awashe jiko na apike uji, kunde na wali. Nyumba itenge siku moja katika wiki, na zamu iwe ya mvulana sawasawa na msichana. Na madrasa ambazo tayari zinasomesha adabu za kula ziongeze ziara moja ya sokoni kila muhula. Mabibi wenye elimu hii wangali hai leo, na vipimo vyao viko viganjani, havikuandikwa popote. Mwenyezi Mungu awape umri mrefu, nasi atupe hima ya kuwapelekea wajukuu kabla hawajaondoka.