Kikwembe Kimoja na Jile ya Sufu

Wamama wenzangu, wengi mmeniuliza juu ya ile jile. Wengine kwa mdomo, wengine kwa macho tu. Leo nijibu.

Jile ni kile kizibao kisicho na mikono ambacho wanaume huvaa ndani ya koti. Hii ilikuwa ya mume wangu. Nilimnunulia mwaka 2016 hapa Bunia, soko kuu, kwa muuza nguo za balo, zile zilizokwisha kuvaliwa Ulaya. Wakati ule tulikaa upande wa Djugu, kwenye milima, ambako baridi ya asubuhi inaingia mpaka kwenye mifupa. Ni kitambaa kizito cha sufu, rangi ya majani makavu, na ukiangalia karibu unaona chembechembe za buluu. Ndani imeshonwa alama ndogo: mpira wa dunia na juu yake msalaba. Mimi nilidhani ni nguo ya mapadri. Mume wangu alicheka, akasema basi atakuwa padri mwenye watoto watano.

Mwaka 2018 tulikimbia. Mimi nilibeba mtoto mgongoni, sufuria, na kikwembe kimoja kizuri, wax ya buluu niliyopewa siku ya mahari. Yeye alitoka na jile mwilini kwa sababu ilikuwa alfajiri. Miaka miwili baadaye ugonjwa ulimchukua. Nguo zake ndugu walizigawana, kama desturi. Jile hakuna aliyeitaka, kwa kuwa nondo walikwisha kuila kidogo pembeni. Nikabaki nayo.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Wakati huo nilikuwa katika kikundi kimoja cha wamama, sitakitaja. Mtoto wa mwanachama akioa, kikwembe cha sare. Matanga, kikwembe. 8 Mars, kikwembe, na pesa ya fundi juu yake. Mwaka mmoja nilihesabu vinne. Nilikuwa nauza unga wa muhogo, na faida ya juma zima haikufika hata nusu ya kikwembe kimoja. Likelemba nililipa bila kukosa. Lakini kwenye sherehe, asiye na sare alikaa nyuma, na siku ya picha alisogezwa pembeni. Siku moja chakula kilipoletwa, mimi niliwekewa pamoja na watoto. Nilikula, kwa kuwa nilikuwa na njaa. Halafu sikurudi tena kwa miezi mingi.

Jile niliivaa mara ya kwanza asubuhi ya mvua, nilipoitwa shuleni kwa ajili ya binti yangu. Libaya yangu ya mikono mirefu ilikuwa haijakauka, nikavaa blauzi nyeupe nyepesi, kikwembe kile cha buluu, na juu yake jile kwa ajili ya baridi tu. Mlinzi wa pale, ambaye siku zote huniacha nisubiri barabarani, alinifungulia mlango akasema, "Karibu mama." Nikageuka kuangalia kama kuna mwingine nyuma yangu.

Nyumbani nilimkuta mama mkwe ameketi barazani. Akaniangalia kutoka chini mpaka juu.

"Binti yangu, leo unavaa nguo ya mwanaume?"

"Mama, ninamvaa mwana wako."

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniita karibu, akanifunga kifungo kilichokuwa wazi, akaendelea kuchambua maharagwe.

Kijana wangu aliye Kampala ndiye aliyetafuta ile alama kwenye simu. Kumbe ni Harris Tweed, kitambaa cha visiwa vya Outer Hebrides, kaskazini-magharibi mwa Uskoti. Kuna hata sheria ya Bunge la Uingereza ya mwaka 1993: kitambaa hakiitwi hivyo kama hakikufumwa kwa mkono, nyumbani kwa mfumaji mwenyewe, katika visiwa vile. Zamani, kikishafumwa, wanawake walikaa pamoja kuzunguka meza ndefu, wakakipiga kikiwa kimelowa huku wakiimba kwa zamu, ili kikaze. Walikilowesha kwa mkojo uliolala. (Nimeifua mara nyingi, msiogope kunikumbatia.) Mimi nilipenda habari ya meza ile kuliko ya sheria. Ni wamama kama sisi, kazi mkononi na maneno mdomoni.

Na wanaume wa kule wanaivaa na nini? Na kilti! Ni kama kikwembe chao: kitambaa cha sufu chenye mistari inayokatana, wanajifunga kiunoni, kinakunjwa marinda nyuma, kinaishia magotini. Kilti kamili hula yadi nane kwa mwanaume mmoja. Sisi kwa yadi sita tunapata libaya, kikwembe cha kujifunga, na kingine cha kubebea mtoto. Nani anajua kubana matumizi?

Kijana alinitumia picha za arusi zao. Kilti ile ile moja, mtu anaibadilisha kwa kinachovaliwa juu. Jile ya sufu kama yangu ni ya mchana: arusi ya asubuhi, kanisani, chakula na jamaa. Usiku, kwenye sherehe kubwa, wanavaa koti jeusi fupi na jile yake nyeusi. Kifungo cha chini kabisa cha jile hakifungwi, ndiyo mtindo wao. Nilijaribu hilo kanisani, wamama watatu wakanifuata kuniambia nimesahau kifungo.

Nguo hizo nazo zilipata matata na serikali. Mwaka 1746 ilitungwa sheria ya kuwakataza watu wa milima ya Uskoti kuvaa kilti. Aliyekamatwa alifungwa miezi sita. Ilifutwa mwaka 1782. Wazee wetu hawatashangaa. Wakati wa Zaire, Mobutu aliwakataza wanaume suti na tai, wakavaa abakosti, na sisi wanawake tukakatazwa suruali, ikawa kikwembe tu. Tai ziliruhusiwa tena mwaka 1990. Mama mkwe anasema walivaa kikwembe kabla ya amri, na baada ya amri waliendelea, hivyo yeye hakuona tofauti.

Basi mimi ninafanya hivi. Sokoni asubuhi, jile juu ya nguo yoyote, na jua la Bunia likipanda naivua naikunja kwenye kikapu, maana saa sita sufu inachoma. Kwenye matanga, kikwembe cheusi na vifungo vyote vimefungwa, hata cha chini. Arusi ya mchana, wax ya buluu, blauzi nyeupe, jile wazi. Jioni ngoma zikianza naiweka pembeni, ninajitanda kitambaa begani. Kikwembe ni kile kile. Katika picha za miaka mitatu mtu mgeni angedhani nina kabati.

Mwaka jana nilirudi kwenye kikundi. Mama prezidante alipotangaza kikwembe cha arusi ya binti wa mwenzetu, nilisimama nikiwa na jile, magoti yanatetemeka. Nilisema wengine humu tunakimbia sherehe kwa sababu ya sare, na nikasimulia habari ya sahani ya watoto. Kulikuwa na kelele. Mama mmoja alisema nawaaibisha mbele ya wageni. Mwingine, ambaye sikujua kama naye ana shida, alianza kulia. Mwishoni tulikubaliana kitambaa cha kichwa tu kiwe cha rangi moja, na chini kila mtu avae kikwembe alicho nacho. Kwa 8 Mars hatujakubaliana bado. Wengine wanataka kikwembe kizima, na ninawaelewa, siku ile ni nzuri wote tukifanana. Mazungumzo yapo tena mkutano ujao.

Kwa wale walioniuliza namna ya kufua sufu: maji baridi, sabuni kidogo, usisugue wala usikamue kwa nguvu. Izungushie kitambaa kikavu uikandamize, kisha uilaze kivulini juu ya mkeka. Ukiitundika inavutika. Kifungo cha tatu kimepotea wiki hii kati ya soko na nyumbani. Ni cha kahawia, kina matundu manne. Atakayekiona aniletee.