Kulika kwa Kasiba

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Methali hii aghalabu husemwa juu ya watu, lakini chombo kinachoistahili kuliko vyombo vingi ni bunduki ya shabaha. Bunduki hii haina adui wa mbali. Huliwa na moto uleule uipao nguvu. Kila risasi iendayo mbele huacha deni nyuma, na mlipaji wa deni hilo ni kasiba, yaani ule mtutu wa chuma ambao risasi hupita ndani yake.

Kasiba ya bunduki ya shabaha si bomba tupu. Ndani yake imechongwa mifereji iliyojisokota kama uzi wa parafujo, na kati ya mfereji na mfereji limeachwa tuta. Risasi ni nene kidogo kuliko nafasi iliyo kati ya matuta, kwa hiyo haiwezi kupita bila ya kuumwa nayo. Ikisha kuumwa hushikwa, na ikisha kushikwa huzungushwa. Bunduki ya Lee-Enfield, waliyoichukua askari wa King's African Rifles, ilikuwa na mifereji mitano iliyotimiza duara moja katika kila inchi 10. Risasi yake ilitoka mdomoni kwa mwendo wa futi 2,440 kwa sekunde, hali inazunguka kwa kadiri ya mara 2,900 katika sekunde hiyo. Mzunguko huo ndio uinyoshao njia yake hewani, kama pia ya mtoto isimamavyo kwa kuzunguka na kuanguka inapochoka. Matuta yakilika, mshiko hulegea. Na mshiko ukilegea, ahadi ya bunduki kwa mwenyewe huvunjika.

Jambo hili liliwahi kuwatahayarisha mabingwa. Mhandisi Mwingereza, William Ellis Metford, aliyezaliwa mwaka 1824 na kufa mwaka 1899, alitumia miaka mingi ya maisha yake kuichunguza kasiba. Wakati wake baruti ilikuwa nyeusi, nayo iliacha masizi mengi yaliyojaza mifereji na kuipotosha risasi. Metford alijibu tatizo hilo kwa akili nzuri: alichonga mifereji saba isiyo na kina kikubwa, yenye kingo za mviringo, ili masizi yakose pembe ya kujificha na kitambaa kipate kuyafuta. Mwaka 1888 jeshi la Uingereza lilikubali bunduki yenye kasiba ya namna hiyo, ikaitwa Lee-Metford.

Lakini wino wa mapatano ulikuwa haujakauka vema wakati wanakemia wawili, Frederick Abel na James Dewar, walipopata hati ya baruti mpya mwaka 1889. Ilikuwa baruti isiyo moshi, ikaitwa kodaiti. Katika kila sehemu 100 zake, 58 zilikuwa nitrogliserini, 37 pamba iliyogeuzwa baruti kwa asidi, na 5 vaselini. Faida ya kutotoa moshi ilikuwa kubwa. Katika vita vya Tanga, mwaka 1914, askari wengi wa upande wa Wajerumani walikuwa bado na bunduki za baruti nyeusi, na wingu lililopanda juu ya kila mmoja wao lilimwonyesha adui mahali alipo. Lakini kodaiti iliyoondoa moshi ilileta joto. Ile mifereji ya Metford, iliyofanywa kuwa myembamba ili ishinde masizi, haikuwa na unene wa kustahimili moto. Ililika upesi. Mwaka 1895 kiwanda cha serikali cha Enfield kilitoa kasiba yenye mifereji mitano, ya kina zaidi na kingo za pembe, na mwanzoni mwa karne ya 20 nitrogliserini ya kodaiti ikapunguzwa kutoka sehemu 58 hadi 30. Metford hakukosea. Jibu lake lilikuwa sahihi kwa swali lililokuwa limekwisha kubadilika.

Mtu asiyejua hudhani ya kuwa kasiba hulika sawasawa toka mwanzo hata mwisho, kama soli ya kiatu. Sivyo. Hulika kwanza kooni, pale mbele ya chumba cha risasi ambapo matuta huanza. Hapo ndipo gesi ya baruti inapokuwa kali kuliko mahali pengine pote. Chuma cha kasiba huyeyuka kwa joto la kadiri ya digrii 1,500 za sentigredi, na gesi hiyo hupita digrii 2,000. Kasiba haiyeyuki yote kwa sababu moto huo hauikai. Huigusa na kupita. Hata hivyo, ngozi ya ndani hupashwa moto na kupoa ghafula, mara kwa mara, hata ikapasuka nyufa ndogo ndogo kama tope la bwawa lililokauka wakati wa kiangazi. Kisha gesi hupenya katika nyufa hizo na kuzibomoa kingo zake chembe kwa chembe. Koo hupanuka na kusogea mbele. Risasi iliyozoea kuyakuta matuta mara moja hulazimika kuruka nafasi tupu kabla ya kuyafikia, na irukayo bila ya kushikwa yaweza kuingia upande.

Umri wa kasiba una ajabu yake. Risasi hukaa ndani kwa muda wa kadiri ya sehemu moja katika sehemu elfu za sekunde. Bunduki ya shabaha ya milimita 7.62 yaweza kupiga risasi kadiri ya 5,000 kabla usahihi wake wa hali ya juu haujaanza kupungua. Mwenye kuzidisha hesabu hizi ataona ya kuwa kasiba iliyotumika kwa miaka kadhaa, iliyosafirishwa, iliyopakwa mafuta na kufungiwa sandukuni kama kito, imefanya kazi yake yote kwa sekunde chache tu. Maisha yake mengine yote yalikuwa ni kungojea.

Tena, si moto peke yake uilao. Mwenye bunduki naye huila kwa mikono yake mwenyewe. Mdeki wa kusafishia ukiingizwa ovyo hukwaruza mdomo wa kasiba, na mdomo ndio mahali pa mwisho kuigusa risasi. Ukiharibika, kazi yote njema iliyofanywa nyuma yake hupotea. Kutu nayo ilikuwa na kisa chake. Zamani walengaji waliilaumu baruti kwa kutu iliyoota ndani ya kasiba hata baada ya kufutwa na kupakwa mafuta. Mwaka 1922 mwanakemia wa Marekani, Wilbert Huff, alionyesha ya kuwa mwenye hatia alikuwa fataki: baada ya kulipuka iliacha chumvi, na chumvi huvuta unyevu, kama ajuavyo kila mtu akaaye pwani. Mafuta hayaiyeyushi chumvi. Dawa ilikuwa maji ya moto, ambayo askari wengi walikuwa wakiyamimina ndani ya bunduki zao hata kabla ya kujua sababu yake.

Hasara ya kulika huonekana hasa mbali. Huko Bisley, katika jimbo la Surrey, ambako mashindano makubwa ya shabaha ya Uingereza yamefanywa tangu mwaka 1890, hatua ya mwisho ya mashindano makuu hupigwa kwa yadi 900 na 1,000. Kwa yadi 1,000 kitovu cha shabaha kina upana wa futi mbili, na sehemu moja katika 60 ya digrii hupotosha risasi kwa inchi kumi na zaidi. Kasiba njema hutawanya risasi zake kwa chini ya kiasi hicho. Iliyolika yaweza kuzitawanya maradufu, na hapo karibu kitovu chote kimekwisha kumezwa na kosa la chuma, isibaki nafasi kwa upepo wala kwa mkono wa mtu. Mwaka 1930 Marjorie Foster, mwanamke wa kwanza kushinda tuzo kuu ya hapo, alishinda kwa alama moja tu. Mahali ambapo alama moja hutenga ushindi na kushindwa, kasiba si jambo dogo.

Sasa atazamwe mlengaji mmoja, asiyehitaji jina kwa kuwa yumo katika kila uwanja. Ana kasiba aliyoipenda. Ilimpa vikombe viwili, na katika daftari lake ameandika kila risasi iliyopita ndani yake, hata zikapita 4,000. Msimu mmoja risasi mbili zilianguka chini ya kitovu bila ya sababu. Alisema ni upepo. Msimu uliofuata zilikuwa nne. Alisema ni macho yake, akanunua miwani mpya. Alibadili namna ya kuvuta pumzi, akabadili mshiko wa kitako, akavuruga mazoea mazuri ya miaka kumi ili aifiche aibu ya chuma kisichoweza kuona aibu. Watu humwita mtu wa namna hii mnyenyekevu, kwa kuwa amejilaumu. Kumbe alikuwa akiogopa kuupoteza utukufu wake wa zamani, ambao aliuona kama umefungwa ndani ya kasiba ile.

Kisha siku moja fundi alitia darubini nyembamba ndani ya kasiba, akamwonyesha koo lililopasukapasuka. Hapo mtu yule aligeuka. Tangu siku ile kosa lolote likawa la kasiba. Aliyumba, akailaumu kasiba. Alivuta mtambo kwa pupa, akailaumu kasiba. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Msimu mzima alipiga shabaha bila ya jitihada na bila ya majuto, na rafiki zake wakamhurumia kwa bunduki yake mbovu.

Ipo njia ya kuhukumu kati ya mtu na kasiba, nayo ni ya zamani. Tarehe 2 Julai 1860, mashindano ya kwanza yalipofunguliwa huko Wimbledon, Malkia Victoria alipiga risasi ya kwanza kwa bunduki ya Whitworth iliyofungwa juu ya kiweko cha chuma na kuelekezwa mapema. Alichovuta yeye kilikuwa kamba tu, na kwa yadi 400 risasi ilipiga karibu kabisa na kitovu. Hakuna aliyesema ya kuwa Malkia ni mlengaji hodari. Kiweko kilikuwa kimemwondoa mtu katika hesabu, na iliyosifiwa ilikuwa kasiba peke yake.

Fundi alifanya vivyo hivyo. Aliifunga bunduki, akapiga risasi 20, akapima mtawanyiko wake. Kisha akampa mwenyewe naye apige 20. Kasiba ilikuwa imelika kweli. Lakini mtawanyiko wa mtu ulikuwa mkubwa zaidi kuliko wa kiweko, na tofauti ile haikuwa ya mtu mwingine ila yake. Kasiba ilikuwa na kosa lake, naye alikuwa na lake, na kwa misimu mitatu makosa hayo mawili yalikuwa yakifichana.

Kasiba mpya ilitiwa. Wengi hudhani kuwa siku ya kasiba mpya ni siku ya furaha. Kwa mlengaji yule ilikuwa siku ya hofu kuliko zote, kwa sababu kasiba mpya haina udhuru. Alilala chini, akatazama bendera za upepo, akavuta mtambo. Risasi ilipoanguka nje ya kitovu, alikaa kimya muda mrefu. Kisha akafungua daftari jipya, akaandika namba moja, na mbele yake akaandika mahali ilipoanguka, na sababu: mkono.